Padre Armand David na Mti wa Njiwa

Ukiulizwa utaje mapadre waliokuwa wanasayansi, bila shaka utaanza na Gregor Mendel na njegere zake, kisha Georges Lemaître na mwanzo wa ulimwengu. Majina hayo tunakutana nayo kila mwaka darasani. Padre Armand David hatajwi sana katika nyumba zetu za malezi, ingawa wapenda mimea na wanyama duniani wanamfahamu vizuri, na jina lake limebaki katika majina ya kisayansi ya viumbe vingi. Tumeamua kusimulia maisha yake kwa sababu ya mti mmoja wa milimani, na kwa sababu ya swali ambalo mti huo unatuletea sisi tunaojiandaa kwa upadre: je, padre aliyetumwa kuhubiri Injili anayo haki ya kutumia miaka yake kukausha majani?

Alizaliwa tarehe 7 Septemba 1826 huko Espelette, kijiji cha Wabaski upande wa Ufaransa, karibu na mpaka wa Hispania. Baba yake alikuwa daktari aliyependa elimu ya viumbe, na mtoto alijifunza majina ya mimea na ndege mapema, wakati watoto wengine walikuwa wakijifunza kuwinda hao ndege tu. Milima ya Pirenei ilikuwa jirani. Kwa hiyo miguu yake ilizoea kupanda kabla akili yake haijazoea Kilatini, na tunadhani jambo hilo lilimsaidia baadaye kuliko vitabu vingi.

Mwaka 1848 aliingia katika Shirika la Misioni, lile lililoanzishwa na Mtakatifu Vinsenti wa Paulo mwaka 1625. Wengi wetu tunamjua mtakatifu huyo kupitia vyama vya kuwasaidia maskini katika parokia zetu. Kijana David aliingia shirikani akiwa na hamu moja, nayo ni kupelekwa Uchina. Alipopewa daraja ya upadre mwaka 1851 alitegemea safari ya meli, lakini wakubwa wake walimpeleka Savona, Italia, kufundisha sayansi katika shule. Alikaa huko miaka kumi hivi. Aliomba Uchina, akaambiwa asubiri, akaomba tena.

Tukisoma habari za watu wakubwa huwa tunairuka miaka ya namna hii, kana kwamba haina kitu. Lakini huko Savona ndiko alikojifunza kupanga makusanyo, kuandika lebo kwa usahihi, na kumfundisha kijana asiyejua kutazama hadi aanze kuona. Mmoja wa wanafunzi wake, Giacomo Doria, ndiye aliyekuja kuanzisha makumbusho ya historia asilia ya Genova ambayo hadi leo yana jina lake. Mwalimu aliyekuwa akihesabu siku za kuondoka alikuwa tayari anapanda mbegu, na yeye mwenyewe huenda hakuliona hilo.

Ruhusa ilikuja mwaka 1862. Tusifiche hali ya mambo wakati huo. Mkataba wa mwaka 1860, uliowafungulia wamisionari njia ya kuingia ndani ya Uchina, ulipatikana baada ya majeshi ya Uingereza na Ufaransa kuuingia mji wa Beijing kwa mizinga. Padre David alipita kwenye mlango ambao hakuuvunja yeye, lakini ulikuwa umevunjwa, na Wachina walimtazama wakiwa na kumbukumbu hiyo. Anayetaka kusimulia umisionari wa karne ile kwa haki hana budi kuyataja mambo hayo mawili pamoja, ari ya watu kama yeye na dhuluma iliyowatangulia.

Huko Beijing alipewa kazi shuleni, akaanzisha chumba cha vielelezo: mimea, ndege, wadudu, mawe. Baadhi ya vitu alivituma Paris, kwenye Makumbusho ya Historia Asilia. Wataalamu wa kule walipofungua masanduku walishangaa, kwa kuwa kulikuwa na viumbe ambavyo sayansi ya Ulaya haikuwa imeviandika popote. Wakamwandikia mkuu wa shirika lake wakiomba Padre huyu aachiwe asafiri nchi nzima kwa ajili ya makumbusho, na serikali ya Ufaransa ingelipia gharama. Mkuu wa shirika akakubali.

Hapo ndipo swali letu linapokaa vizuri. Hakuikimbia shule ili kufuata mapenzi yake. Alipewa utume huo na wakubwa wake, kama mwingine anavyopewa parokia au hospitali. Wapo waliomwona kama padre aliyepotea njia, na hata leo tukizungumza habari zake wapo kati yetu wanaosema kwamba roho za watu zina thamani kuliko maua. Ni kweli zina thamani kuliko maua. Lakini Mtakatifu Alberto Mkuu, mwalimu wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliandika vitabu saba juu ya mimea, na hakuna aliyewahi kusema kwamba aliibia Kanisa muda. Anayeamini kwamba ulimwengu umeumbwa hawezi kusema kwamba kuutazama ulimwengu kwa makini ni kazi ya wasio na kazi.

Tayari mwaka 1865, kabla ya safari kubwa, alikuwa amechungulia juu ya ukuta wa bustani ya mawindo ya mfalme, kusini mwa Beijing, akaona kundi la kulungu wa aina ya pekee. Wageni hawakuruhusiwa kuingia humo. Baada ya mashauri mengi alipata ngozi na mifupa, akavituma Paris, na mnyama huyo leo anaitwa Elaphurus davidianus. Porini hakuwapo tena. Waliobaki ni wale waliokuwa nyuma ya ukuta ule. Tutawarudia.

Safari ya kwanza, mwaka 1866, ilimpeleka Mongolia. Haikuwa na matunda makubwa. Ya pili ndiyo iliyomfanya kuwa Armand David tunayemjua. Aliondoka mwaka 1868, akaupanda Mto Yangtze, akavuka mkoa wa Sichuan, na mwishoni mwa Februari 1869 akafika Muping, ambako sasa kunaitwa Baoxing. Wakati ule palikuwa na utawala mdogo wa milimani kuelekea Tibet, wenye mabonde membamba, mvua nyingi, na theluji kwenye vilele. Alipokelewa na wamisionari wa shirika jingine, ambao walikuwa na seminari ndogo huko kwa ajili ya vijana wa Kichina. Inatupendeza kukumbuka kwamba mambo yaliyoandikwa baadaye katika vitabu vya sayansi yalitokea katika nyumba ya malezi iliyojificha mlimani, ambako vijana walikuwa wakisoma Kilatini na kumwona mgeni akirudi jioni na kapu la majani.

Mwezi Machi aliona katika nyumba ya mwenyeji mmoja ngozi ya dubu mweupe na mweusi, na siku chache baadaye wawindaji wakamletea mwili wa mnyama mwenyewe. Ndivyo panda alivyojulikana Ulaya. Habari hiyo inasimuliwa kila mahali, nasi hatutaongeza neno.

Katika misitu hiyohiyo aliukuta mti. Wachina wa huko waliujua tangu zamani. Mgeni ni yeye. Ni mti wa kimo kikubwa, wenye majani yanayofanana kidogo na moyo, unaoota kwenye miteremko yenye unyevu na kivuli, hasa kati ya mita 1,500 na 2,200 juu ya usawa wa bahari. Maua yake halisi ni madogo sana, yamejikusanya kama kishada cha mviringo cha rangi ya zambarau iliyoiva. Lakini chini ya kila kishada huning'inia majani mawili meupe, moja kubwa kuliko jingine, mepesi kama kitambaa. Upepo ukivuma mwezi Mei mti mzima hupepea, na anayeutazama kwa mbali hudhani kundi la ndege weupe limetua. Ndiyo maana wengi huuita mti wa njiwa, na wengine mti wa leso. Padre David alichukua matawi, akayakausha, akayapeleka Paris, na mwaka 1871 mtaalamu Henri Baillon akaupa jina Davidia involucrata. Katika jenasi yake hauna ndugu mwingine aliye hai. Jamaa zake wa kale waliota hata Amerika ya Kaskazini, ambako alama za majani yao zimekutwa kwenye mawe. Kwingine kote ulikwisha. Ulibaki katika milima ile ya Uchina ya kati na magharibi.

Kukausha tawi kunaonekana kama jambo dogo. Ni lazima likatwe likiwa na ua, au tunda, na majani yake. Lilazwe kati ya karatasi, ligandamizwe, na karatasi zibadilishwe mara kwa mara hadi unyevu uishe, la sivyo ukungu unakula kila kitu. Katika bonde ambalo mvua haikatiki, hiyo ni kazi ya kila usiku baada ya kutembea mchana kutwa. Kisha ianze lebo: mahali, tarehe, mwinuko, umbo la mti, rangi ambayo itapotea ikikauka. Tawi lisilo na lebo ni takataka. Na Padre huyu alikuwa mgonjwa sehemu kubwa ya wakati huo, mgonjwa wa kulazwa kitandani, akiwa na wasiwasi wa kufia mbali. Aliondoka Muping mwezi Novemba 1869 akiwa amedhoofika.

Kwa jumla alikusanya mimea mingi mno, na kati yake zipatazo 250 zilikuwa spishi mpya kwa sayansi. Hakuwa na uwezo wa kuipa majina yote, wala hakutaka sifa hiyo. Mtaalamu Adrien Franchet wa Paris ndiye aliyeichambua katika kitabu cha juzuu mbili, Plantae Davidianae, zilizotoka mwaka 1884 na 1888. Mojawapo ya mimea hiyo, Buddleja davidii, leo imeenea Ulaya hadi imekuwa kero, inaota kwenye kingo za reli na juu ya kuta zilizobomoka. Mtu yuleyule, na kalamu ileile ya lebo: mmea mmoja umegeuka magugu ya dunia, mwingine unahesabiwa shina kwa shina usije ukapotea.

Jambo lililotufanya tumpende si wingi huo. Katika shajara zake, katikati ya orodha za ndege na maelezo ya njia, mara kwa mara anasimama na kulalamika. Aliona misitu ya asili ikikatwa kwa kasi, miteremko ikibaki wazi, mbao na mkaa vikishushwa bondeni, na mahali pa viumbe vya kila namna pakichukuliwa na mazao machache na mifugo michache. Aliandika kwamba misitu ikiisha vitakwisha pia viumbe vingi vilivyoihitaji kwa uhai wao, na kwamba mwanadamu anateketeza kazi ya Muumba kwa ajili ya faida ya siku chache. Hayo aliyaandika takriban miaka 150 iliyopita, kabla hakujawa na mikutano ya mazingira, na kabla ya Baba Mtakatifu Fransisko kutoa waraka wa Laudato Si' mwaka 2015. Hakuwa mwanaharakati. Alikuwa ameona kwa macho.

Hata hivyo tusimpake rangi asiyokuwa nayo. Mtu huyu aliyehuzunikia misitu alilipa wawindaji wamletee wanyama, na yeye mwenyewe alipiga ndege kwa bunduki kwa maelfu ya kurasa za elimu. Panda wa kwanza kufika Paris walifika wakiwa ngozi. Tunaposoma kurasa hizo leo tunasita. Wenzetu fulani humtetea wakisema kwamba wakati ule hapakuwa na njia nyingine ya kuthibitisha kiumbe. Utetezi huo una ukweli, lakini haumalizi jambo. Kwa upande wa mimea mzigo ni mwepesi zaidi, maana tawi moja halimuui mama yake.

Safari ya tatu, kuanzia mwaka 1872, ilimpitisha kwenye milima ya Qinling na kisha mikoa ya kusini mashariki. Malaria ilimshika vibaya, na mwaka 1874 alirudi Ufaransa moja kwa moja. Alikuwa na miaka 48 hivi. Aliishi miaka 26 iliyobaki katika nyumba mama ya shirika, Paris, akifundisha, akitunza makusanyo, na akimalizia na Émile Oustalet kitabu juu ya ndege wa Uchina, kilichotoka mwaka 1877. Kwa mtu aliyevuka Uchina kwa miguu na kwa mashua, miaka 26 ya korido na kengele ni safari ya nne.

Wakati yeye akizeeka, watu wengine waliutafuta mti wake. Mwaka 1888 Augustine Henry, daktari wa Ireland aliyefanya kazi katika forodha ya Uchina, aliuona mti mmoja tu ukiwa na maua katika milima ya Hubei. Mwaka 1899 kampuni ya Veitch ya Uingereza ilimtuma kijana Ernest Wilson alete mbegu, kazi yake kuu ikiwa mti huo. Wilson alimtembelea Henry, akachorewa ramani kwenye kipande cha karatasi, ramani ya eneo la maili za mraba 20,000 hivi, na mti mmoja ndani yake. Alipofika mahali penyewe, Aprili 1900, alionyeshwa kisiki. Mti ulikuwa umekatwa, na kando yake palikuwa na nyumba mpya iliyojengwa kwa mbao zake.

Sisi tunaishi katika nyumba za mbao na tunapikiwa kwa kuni, kwa hiyo hatuwezi kumnyoshea kidole mwenye nyumba ile. Alihitaji boriti, na mti ulikuwa karibu. Hakuna aliyemwambia kwamba wageni wanauvukia bahari.

Wilson aliendelea kutafuta, na mwezi uliofuata akapata miti mingine yenye maua. Mbegu zake zilifika Uingereza, na miche mingi ikapatikana. Lakini hakuwa wa kwanza. Padre mwingine, Paul Farges, mmisionari kaskazini mashariki mwa Sichuan, alikwisha kutuma mbegu 37 Ufaransa mwaka 1897 kwa Maurice de Vilmorin. Kati ya 37 iliota moja, na mti huo ulichanua mwaka 1906.

Padre David hakuuona ukichanua Ulaya. Alifariki Paris tarehe 10 Novemba 1900, mwaka uleule wa kisiki. Mwaka huohuo, katika vurugu za vita ya Mabondia, kulungu wake wa mwisho katika bustani ya mfalme waliuawa. Mafuriko ya mwaka 1895 yalikuwa yamebomoa ukuta, wengi wakatoka na kuliwa na watu wenye njaa, na askari wakamaliza waliosalia. Spishi hiyo isingekuwapo tena kama Duke wa Bedford huko Uingereza asingewakusanya kutoka bustani za wanyama za Ulaya wale wachache waliokwisha kuvushwa. Watoto wa kundi lake walirudishwa Beijing mwaka 1985, katika eneo la bustani ileile.

Mti wa njiwa haukufika ukingoni namna hiyo, lakini uko kwenye orodha ya Uchina ya mimea inayolindwa kwa daraja la kwanza. Kuupanda mijini ni rahisi siku hizi, na bustani nyingi za Ulaya zinao. Shida iko milimani. Tunda lake lina kokwa ngumu kama jiwe, na mbegu hukaa ardhini kwa kawaida majira mawili ya baridi kabla ya kuchipua. Muda huo wote panya na ukungu hawalali. Mche ukitoka unataka kivuli na unyevu, na msitu ukifunguliwa unakauka.

Ndiyo maana watafiti wanaokwenda kuhesabu miti hiyo hawatosheki na kuhesabu mikubwa. Hupima kwa kamba kipande cha msitu, humo ndani hupima unene wa kila shina kwa kimo cha kifua, kisha hupiga magoti kutafuta miche kati ya majani yaliyooza. Bonde lenye miti mia ya wazee na lisilo na mche hata mmoja linaonekana zuri mwezi Mei, lakini linakufa. Tena mti huu una tabia ya kutoa machipukizi kwenye shina lake la chini. Mashina matano yaliyosimama pamoja huenda ni mti mmoja tu, na asiye makini huandika matano. Misitu iliyobaki imekatikakatika, mlima huu na mlima ule, mashamba katikati, kiasi kwamba mbelewele za upande mmoja hazifiki upande mwingine.

Msaada mkubwa umekuja kupitia jirani yake. Makazi ya panda ya Sichuan, Baoxing ikiwemo, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mwaka 2021 Uchina ilitangaza rasmi Hifadhi ya Taifa ya Panda. Mnyama anayependwa na watoto wa dunia nzima analindiwa msitu, na ndani ya msitu huo mti wa njiwa unapata nafasi ya kuangusha kokwa zake kwa utulivu.

Anayetaka kujua mti ulikuwa wapi zamani, ili alinganishe na ulipo sasa, huanzia kwenye karatasi za mimea iliyokaushwa. Ile ya mwaka 1869 ipo bado Paris, kwenye makumbusho yaleyale. Majani meupe yamegeuka kahawia.